Mvua ya Titye kwenye Memori Kadi

Kazi yangu ni kupima mvua. Nilipohamishiwa Kibondo na kuwaeleza ndugu zangu wa Tanga ninachokwenda kufanya huko, shangazi yangu aliniuliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Kwani mwanangu, watu wa huko hawana macho?" Nikamwambia macho wanayo, ila serikali inataka namba. Akatikisa kichwa, akasema basi nisisahau kubeba sweta.

Sweta nilibeba, na hadi leo namshukuru kwa hilo. Namba zenyewe sizipimi kwa mkono. Tuna vituo vidogo vilivyosimikwa kwenye viwanja vya watu vijijini: nguzo ya chuma, kopo la kupokea mvua, kipande cha sola, na kisanduku cheupe chenye kufuli. Ndani ya kisanduku mna kifaa ambacho sisi wa kazini tunakiita loga. Mvua ikinyesha, loga inaandika: imeanza lini, imekatika lini, imeshuka kiasi gani. Haina mtandao, kwa hiyo lazima mtu aende mwenyewe, afungue kufuli, achomeke memori kadi, abonyeze kitufe na kusubiri taa ndogo ya kijani iache kupepesa. Ikishamimina kila kitu kwenye kadi, loga inajifuta yenyewe ili ianze upya. Ndivyo ilivyotengenezwa, na aliyeitengeneza bila shaka hakuwahi kusafiri na dereva wangu.

Dereva wangu ni Muha wa Kasulu, mtu mzima mwenye wajukuu, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lao. Mimi namwita Mzee, yeye ananiita Afisa. Ni dereva mzuri kupita wote niliowahi kupanda nao. Ana imani moja tu ambayo hakuna mhandisi atakayeiondoa kwake: kwamba gari lisilo na nyimbo linakula mafuta. Redio ya gari letu inatumia memori kadi, naye alikuwa na kadi yake, nyeusi, ndogo kama ukucha. Ofisi nayo ilinipa kadi nyeusi, ndogo kama ukucha. Zote mbili zilikaa kwenye kidroo cha mbele ya kiti changu, ya kwangu ndani ya kimfuko cha nailoni, ya kwake popote ilipoangukia.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwisho wa msimu. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya kwenda Titye kwa muda mrefu, kwa hiyo loga ya huko ilikuwa imeshiba msimu mzima bila mtu kwenda kuipunguzia. Wahandisi waliokuwa wanapanga kujenga daraja upande ule walizisubiri hizo namba, na mkuu wangu aliyeko Kigoma alikuwa anasubiri pamoja nao, kwa simu, karibu kila asubuhi.

Kituo cha Titye kimesimama kwenye uwanja wa bibi mmoja mjane, kati ya kichanja chake cha kuanikia mihogo na banda la mbuzi. Bibi huyo ananipokea vizuri, ananipa kigoda, lakini hajawahi kuniamini.

"Mwakeye, bibi," nikamwamkia kwa Kiha changu cha kuokoteza.

"Mwakeye. Umekuja kuikamua?"

"Nimekuja kuchukua vipimo tu, bibi."

Akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni, akaangalia ninavyochomeka kadi na taa inavyopepesa. Taa ilipoacha, nikaichomoa kadi, akanyoosha kidole.

"Yote imeingia humo?"

"Yote."

"Mvua ya toka mwaka jana? Kwenye kitu hicho?"

"Siyo mvua yenyewe, bibi. Ni habari zake."

"Na sasa unaipeleka wapi?"

"Kibondo. Halafu Kigoma."

Bibi akamgeukia dereva, akasema jambo kwa Kiha, dereva akacheka hadi akashika nguzo. Niliomba tafsiri. Dereva akajifuta macho, akasema, "Anasema sasa ameelewa kwa nini watu wa Kibondo wanavuna maharage mengi kuliko wao."

Kawaida nikitoka kituoni hufungua laptopu palepale na kunakili kila kitu, ili vipimo viwe mahali pawili. Siku hiyo laptopu ilikuwa imezimika tangu Kagerankanda, ambako loga ilituhangaisha kwa sababu nyuki walikuwa wamehamia ndani ya kisanduku. Nikasema nitanakili Kibondo. Nikaitia kadi kwenye kimfuko, kimfuko kwenye kidroo, tukaenda zetu Kasulu kulala. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Dereva akaomba gari liende kuoshwa, naye apite kusalimia nyumbani kwake. Nikakubali. Jumapili baada ya ibada tukarudi Kibondo. Njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake, nami nikadhani ni mahubiri.

Jumatatu nikaketi ofisini na kikombe cha chai ya tangawizi, nikachomeka kadi kwenye laptopu.

Taarabu.

Nilishuka chini, nikapanda juu. Taarabu tupu. Nyimbo juu ya nyimbo, kadi imejaa hadi pomoni, na kila wimbo una jina la kumsuta mtu. Titye haikuwemo. Nilichomoa kadi, nikaipuliza, nikaichomeka tena, kama vile mvua ilikuwa imejificha nyuma ya vumbi. Nikafungua programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Ikahangaika hadi chai ikapoa, kisha ikaniletea vipande vya qaswida na herufi ambazo hata aliyezibuni hawezi kuzisoma.

Hapo simu ikaita. Mkuu wangu.

"Titye iko wapi?"

"Iko njiani, mkuu."

"Njiani wapi?"

Niliangalia ile safu ya majina kwenye kioo. "Upande wa Kasulu," nikasema, na Mungu anajua sikusema uongo.

Nilimkuta dereva nje anafuta kioo cha gari. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote, na kwetu Tanga maneno tunayo. Nikamwonyesha kadi kiganjani.

"Mzee, hii kadi ulikwenda nayo wapi?"

Uso wake ukachangamka. "Ah! Umeshaisikiliza, Afisa?"

"Nimesikiliza nini?"

"Nilitaka nikuwekee tukiwa safarini, halafu nikaona aibu, nikasema ataikuta mwenyewe." Akakunja kitambaa chake vizuri. "Nilikuona siku hizi umenyamaza. Tukisafiri unaangalia dirishani tu. Nikasema, huyu dada amekumbuka kwao. Basi nikampelekea yule bwana wa duka la simu pale Kasulu kadi yangu, nikamwambia anijazie nyimbo za pwani."

"Kadi yako?"

"Ile ya kwenye kimfuko. Vitu vyangu mimi navifunga."

Nikafungua mlango wa gari, nikavuta kidroo. Kwenye pembe, chini ya risiti na maganda ya karanga, ilikuwa imelala kadi yake. Niliitoa nikamwonyesha. Aliitazama kadi, akanitazama mimi, akavua kofia.

"Mungu wangu," akasema. "Nimefuta mvua."

Maneno yangu yote niliyoyapanga nikayaacha palepale. Utamgombezaje mtu aliyekwenda kukununulia kwenu? Sikuweza hata kumwambia kwamba taarabu siipendi. Mama yangu alikuwa akiifungulia kwa sauti ya juu kila alipogombana na jirani, na jirani akafungulia ya kwake kumjibu, nasi watoto tukafanya mazoezi ya shule katikati ya vita. Nilichosema ni kimoja tu: "Washa gari, Mzee. Tunarudi Kasulu."

Kutoka Kibondo hadi Kasulu hakuwasha redio. Nilimwambia awashe, akasema hapana, hastahili. Basi tukaenda hivyo, tairi zikivuma, yeye akitazama mbele kama anayepeleka maiti. Mara mbili nilimsikia ameanza kuvuma wimbo kooni, akajikatisha. Mara moja tu alizungumza, tulipokuwa tunapita kwenye magunia ya mkaa kando ya barabara.

"Afisa, hivi haiwezekani kuipima upya?"

"Mvua iliyokwisha kunyesha, Mzee?"

Akafikiri. "Basi," akasema.

Duka la simu la Kasulu ni la bwana mmoja Mwislamu, mwenye kofia ya viua na ndevu zilizochanwa, ambaye babu yake alikuja bara na biashara akashindwa kurudi pwani. Anauza chaja, makava na redio, na mlangoni ameandika kwa rangi ya kijani kwamba anaingiza kwaya, qaswida, mawaidha, singeli na nyimbo za zamani. Aliposikia lafudhi yangu akasimama kabisa.

"Karibu, karibu sana! Wewe ndiye wa Tanga? Hizo nyimbo nilizichagua mimi mwenyewe. Zimekukonga roho?"

"Zimenikonga," nikasema. "Sasa kaka yangu, kwenye ile kadi, kabla hujaweka nyimbo, ulikuta nini?"

Akapapasa ndevu. "Nilikuta kitu kimoja. Nikakipiga, hakipigi. Nikakifungulia kwa programu nyingine, kimya. Nikakifuta. Kadi ni ndogo dada yangu, huwezi kukaa na vitu visivyoimba."

Dereva akaegemea mlango. Mimi nikashika meza.

"Lakini mbona mnasikitika?" akasema yule bwana. "Mimi sifuti kitu cha mteja kabla sijakiweka kwenye mashine yangu. Hata siku moja. Hujui kipi kesho kitatamba."

Sijapata kumpenda mtu ghafla namna ile. "Kwa hiyo unacho? Kiko kwenye kompyuta yako?"

Hapo ndipo uso wake ulipoanguka. Akatuonyesha pembe ya duka. Kompyuta yake ilikuwa mezani, imefunikwa kanga kama maiti. "Jana umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira. Ilitoa moshi mmoja tu. Fundi ameiona, amesema niishukuru kwa miaka yote tuliyokaa pamoja."

Tukaitazama ile kanga watu watatu, kila mmoja na msiba wake. Nje mtu alikuwa anajaribu spika mpya, "moja, mbili, moja, mbili."

"Ila usikate tamaa," mwenye duka akasema pole pole, kama mtu anayekumbuka alikoweka miwani. "Kitu chako nilikigawa."

"Ulikigawa vipi?"

"Kila kinachoingia kipya nakitia kwenye fungu la 'Mpya'. Anayekuja anataka mpya, namwekea fungu zima. Kilikuwa na jina la Titye na namba namba. Nikasema, alaa, hili ni kundi jipya la Titye. Nikakipa jina zuri, 'Kundi la Titye', nikakitia humo."

"Lakini ulijua hakipigi!"

"Nilidhani mashine yangu ndiyo mbovu," akasema kwa unyenyekevu. "Na kweli ilikuwa mbovu. Nikasema labda kwa wenzangu kitaimba."

Nilikaa kwenye kreti ya soda. Msimu mzima wa mvua ya Titye ulikuwa umesambazwa mjini Kasulu kama kundi la muziki.

Jumamosi hiyo, alivyokumbuka, wateja wa fungu la 'Mpya' hawakuwa wengi, kwa sababu ilikuwa siku ya maziko ya mzee maarufu na mji ulikuwa umetulia. Kuna waliotoka vijijini, hao hajui walipo. Waliobaki mjini ni wawili: fundi cherehani mmoja Mkongomani karibu na stendi, na muuza nyama wa bucha iliyo nyuma ya soko. Akatuchorea njia kwa kidole hewani, akatuombea dua, tukaondoka.

Fundi cherehani alikuwa anashona sare za shule, redio ndogo miguuni pake. Alinikaribisha kwa Kiswahili cha kwao, akanipa kiti, akasikiliza habari yangu yote bila kunikatiza, kisha akapiga paji lake la uso.

"Ah, ile! Ile nilisha kuitosha, mama."

Nikafurahi. "Imekutosha? Basi ukiniruhusu nami niinakili, nitakurudishia kadi yako hapahapa."

"Non, mama. Nilisha kuitosha."

"Ndiyo, nimeelewa, imekutosha. Nami naiomba."

Tukatazamana. Alikuwa na huruma nyingi usoni, nami nilikuwa na tabasamu ambalo naona aibu nikilikumbuka. Dereva, ambaye amewahi kufanya kazi karibu na kambi ya wakimbizi, akaninong'oneza, "Afisa, kwao kutosha ni kutoa. Ameitoa. Ameifuta."

"Ilikuwa nabloka redio yangu," fundi akaeleza, akionyesha redio kwa mkasi. "Muziki nakwenda, nakwenda, inafika pale, paf! Kimya. Nikaitosha. Pardon, mama."

Nikamwambia hamna neno. Kwa kuwa alijisikia vibaya alisisitiza kunishonea kifungo kilichokuwa kinaning'inia kwenye sweta langu, na hatukuondoka hadi alipomaliza. Tulipokuwa tunavuka kwenda sokoni, mkuu wangu akapiga tena. Sikupokea. Dereva alisikia mlio, akainamisha kichwa, akaongeza mwendo.

Buchani tulisikia sabufa kabla hatujaona nyama. Mwenye bucha alikuwa mtu mpana, aproni nyeupe iliyoacha kuwa nyeupe, na wateja wamepanga foleni huku baadhi yao wakitikisa mabega. Nikamweleza shida yangu kwa kupaza sauti juu ya muziki. Alisikiliza huku akikata mbavu. Nilipotaja jina, "Kundi la Titye", shoka lilibaki hewani.

"Nyinyi ndio Kundi la Titye?"

"Hapana, sisi ni..."

"Mimi nawatafuta nyinyi!" Akalishusha shoka likakita kwenye gogo. "Tangu Jumamosi redio yangu ikianza inaimba vizuri, watu wanakuja, biashara inakwenda. Ikifika kwenye wimbo wenu inakaa kimya kama imesusa. Naipiga ubavuni, haisogei. Wateja wanadhani nimefiwa. Mmeimba nini nyinyi?"

"Haijaimbwa," nikasema. "Ni mvua."

Foleni nzima ikageuka.

"Ni vipimo vya mvua iliyonyesha Titye msimu huu. Viliingia kwako kwa bahati mbaya. Nakuomba unipe hiyo kadi kidogo tu, ninakili, nikufutie kabisa, redio yako isikwame tena."

Muuza nyama akatafakari. Kisha akasema hawezi kuchomoa kadi wimbo ukiwa katikati, maana huo ndio aliouomba mama mmoja kwenye foleni. Tukasubiri. Mama yule alicheza hadi mwisho bila haraka yoyote, nasi tukampigia makofi. Ndipo muuza nyama alipojifuta mikono, akachomoa kadi kwa ncha za vidole na kunikabidhi kama anayetoa sadaka. Laptopu nikaiweka juu ya meza ya nyama, kati ya mizani na utumbo, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine.

Kilikuwepo. 'Kundi la Titye'. Nilibonyeza, na namba zikamwagika kwenye kioo kuanzia juu hadi chini: tarehe, saa, kiasi. Mvua ya kwanza ya msimu, ile ambayo pengine ilimkuta bibi wa Titye hajaanua mihogo. Mvua kubwa zilizokata barabara. Vijimvua vya mwisho mwisho. Yote ilikuwemo. Dereva alichungulia juu ya bega langu, na ingawa hakuelewa safu hata moja, alivuta pumzi ndefu akasema, "Asante Yesu."

Nilinakili kwanza kwenye laptopu. Nikanakili kwenye fleshi. Dereva akatoa kadi yake mwenyewe ya kwaya, akanilazimisha ninakili na humo, akitaka iwe adhabu yake. Nilikuwa nataka kufunga laptopu nilipoona kwamba foleni imekuwa duara.

"Sasa hiyo inasema nini?" muuza nyama akauliza. "Imeninyamazishia redio tangu Jumamosi, nina haki ya kujua."

Ilikuwa kweli. Nikawaeleza: huu mstari ni siku fulani, hapa mvua ilianza, hapa ilikatika. Mzee mmoja kutoka Titye, aliyekuja kuuza tangawizi, akauliza siku ya upepo ulioezua darasa. Nikaitafuta, nikamsomea: ilianza alasiri, ikapiga hadi jioni. "Kweli kabisa!" akapiga kelele, akawageukia wengine. "Kweli kabisa, nilikuwepo!" Kana kwamba ni yeye aliyeithibitisha serikali. Mwingine akauliza siku aliyofunga ndoa ndugu yake. Mwingine akauliza siku ambayo mbegu zake zilisombwa, nikamsomea, akaitikia kimya kimya akatazama chini, na watu wakampa pole upya, kama ndiyo kwanza zimesombwa. Nimefanya kazi hii muda mrefu. Nimeandika ripoti ambazo sina hakika kama kuna aliyezifungua. Sikuwahi kuona watu wakiisikiliza mvua yangu hivyo.

Kisha yule mama aliyekuwa akicheza akasogea mbele. Alikuwa na nusu kilo ya maini mkononi, na nyuma yake alisimama mume wake, bwana mwembamba mwenye baiskeli.

"Dada," akasema, "nisomee Jumapili ya ubatizo wa mjukuu wetu." Akaitaja tarehe bila kufikiri. "Titye. Jioni."

Nikashuka kwenye safu, nikaifikia siku. Hapakuwa na kitu. Nikaangalia ya kabla yake na ya baada yake, nikidhani nimeruka mstari.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna vipi?"

"Haikunyesha. Siku hiyo ilikuwa kavu."

"Hata tone?"

"Hata tone."

Mama akageuka taratibu kumtazama mume wake. Mume alikuwa anakagua breki ya baiskeli kwa makini sana.

"Mvua ilikuzuia Titye," mama akasema. "Wewe si uliniambia mvua ilikuzuia? Ubatizo umepita, chakula kimeisha, babu wa mtoto anaingia kesho yake asubuhi, 'mama nanihii, mvua ya huko haina mfano.' Si ulisema haina mfano?"

"Kweli haikuwa na mfano," mtu mmoja akasema kutoka nyuma, na duara zima likavunjika mbavu.

Nilijaribu kumwokoa. Nikaeleza kitaalamu kwamba kituo kinapima uwanja mmoja tu, na kwamba kwenye miinuko kama hii mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa kijiji na upande wa pili ukabaki mkavu.

"Upande upi?" mama akaniuliza. "Titye ina pande ngapi?"

Nikainamia laptopu. Bwana yule naye akarudi kwenye breki yake. Na ndipo nilipoona kwamba wanaume wawili watatu waliokuwa mbele wameanza kurudi nyuma kidogo kidogo, huku wanawake wawili watatu wakisogea mbele, mmoja wao akihesabu vidole vyake kama anayetafuta tarehe. Dereva akapitisha mkono begani kwangu, akafunga laptopu taratibu.

"Afisa," akanong'ona, "twende zetu. Utavunja ndoa za watu."

Nilimfutia muuza nyama lile faili kama nilivyoahidi. Akachomeka kadi, sabufa ikaunguruma, ikapita pale ilipokuwa ikikwama bila hata kusita. Alifurahi hadi akatufungia mbavu kwenye gazeti, akakataa katakata kukataliwa. Yule mama na mume wake walikuwa bado wamesimama kando ya baiskeli. Mama alikuwa anaongea, bwana anasikiliza, na nilipopita nilisikia bwana akisema kwamba labda ulikuwa umande.

Tulipita dukani kumwambia mwenye duka kwamba kitu chetu kimepatikana. Alishukuru Mungu, akauliza kama angeweza kupewa nakala moja tena, maana sasa, baada ya habari hiyo kufika mjini, anaona kama watu wataanza kuiulizia. Nilimkatalia kwa adabu. Kisha nikaegemea kaunta yake, penye mtandao mzuri, nikamtumia mkuu wangu faili zima.

Hazikupita dakika nyingi, akapiga.

"Nimeipata Titye. Kazi nzuri, namba zimekamilika. Wahandisi watafurahi." Akasita. "Lakini mbona faili linaitwa 'Kundi la Titye'?"

"Ni habari ndefu, mkuu."

"Libadilishe jina basi."

"Sawa, mkuu."

"Na ulisema iko njiani tangu asubuhi. Njia gani hiyo inayochukua siku nzima?"

Nikamwangalia dereva. Alikuwa amekaa nyuma ya usukani na zile mbavu mapajani, kofia bado mkononi, akinisubiri nijibu kama anayesubiri hukumu.

"Barabara, mkuu," nikasema. "Mvua ziliiharibu sana."

Dereva akavaa kofia. Tulipotoka mjini na kuanza kuelekea Kibondo, nilimwambia sasa awashe redio, la sivyo gari litakula mafuta. Hakutaka kuambiwa mara mbili. Karibu na Makere tulisimama kwa mama anayechoma ndizi kando ya barabara, tukamwomba atuchomee na mbavu zetu juu ya makaa yake. Tukala tumesimama, mafuta yakituchuruzika viganjani, yeye akinieleza wimbo wa kwaya uliokuwa unapigwa garini, nani anaingia wapi, na kwa nini sauti ya nne ndiyo inayobeba wengine wote. Akaniimbia kipande chake peke yake, bila hao wengine. Kilikuwa noti mbili tu, juu chini, juu chini, kama mtu anayetwanga. Nikamwambia ni kizuri sana, akaniongezea mbavu.